Nyasi Zinazokata Vidole

Ndugu zangu, kila anayefika Mwanza hupiga picha lile jiwe la Bismarck lililosimama ziwani. Sawa, linapendeza. Lakini leo nataka tuongee juu ya jiwe jingine ambalo hakuna anayelipiga picha. Hili limo ndani ya nyasi.

Aliyewahi kuchunga analijua. Unashika jani la nyasi ndefu, unavuta kwa haraka, kidole kinatoka damu. Kinachokukata ni silikoni, ile ile iliyomo kwenye mchanga na kwenye miamba yetu ya itale. Mizizi huinyonya ikiwa imeyeyuka kwenye maji. Maji yakishapotea hewani kupitia majani, silikoni inabaki na kuganda kama vipande vidogo sana vya kioo. Jani linakuwa gumu na kusimama wima. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba mmea wenye silikoni ya kutosha hupoteza maji kidogo na kuvumilia ukame, ingawa si kwa kila aina ya nyasi wala kila udongo.

Sasa, historia inatuhusu vipi? Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukapita Magu na Lamadi, unafika lango la Ndabaka, pale Serengeti inapokaribia Ghuba ya Speke. Mwaka 1983 S. J. McNaughton na J. L. Tarrants wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya nyasi za Serengeti. Nyasi zilizotoka mahali panapoliwa sana na wanyama zilikuwa na silikoni nyingi kuliko zile za mahali pasipoliwa sana. Na zilipokatwa, zikaongeza nyingine. Yaani nyasi nazo zinajibu mapigo!

Huo ni ujuzi uliosafiri. Mbegu nazo zilisafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Kifaransa walikusanya nyasi Afrika Mashariki, zikiwemo za Korogwe, Tanga. Baadaye zikavuka bahari hadi Brazil. Mwaka 1990 shirika la utafiti wa kilimo la huko, Embrapa, likatoa aina ya malisho inayoitwa Tanzânia. Mwaka 1993 ikafuata Mombaça. Mmesoma vizuri: ng'ombe wa Brazil wanakula Tanzania asubuhi na Mombasa jioni. Mwaka 2004 silikoni ikaingizwa kwenye kanuni za mbolea za nchi hiyo, na watafiti wao wameijaribu kwenye malisho, wakiangalia inasaidiaje maji yakipungua.

Na sisi je?

Sisi Usukuma tulikuwa na ngitili. Wazee walifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, nyasi zikakua bila kuguswa, ng'ombe wakaingizwa kiangazi kilipokolea. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza kwa majirani zetu, ngitili zilizohesabiwa hazikufika hekta 1,000. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa mamia ya maelfu ya hekta. Hawakuleta mbegu kutoka mwezini. Waliwarudia wenye mifugo na utaratibu wao wa zamani.

Mimi naona visa hivi viwili ni kimoja. Nyasi za Serengeti zinatuambia kwamba jani linaloliwa bila kupumzishwa linaweza kujifanya jiwe. Silikoni inaweza kulisaidia kutunza maji, lakini inalifanya gumu kusagika tumboni mwa ng'ombe. Faida hiyo ina bei yake. Kwa hiyo akija mtu kesho na mfuko wa mbolea ya silikoni, mfugaji wa Misungwi au Kwimba amuulize kwanza: malisho yangu yamepumzika lini?

Halafu amuonyeshe lile lundo la maganda ya mpunga pembeni ya mashine ya kukoboa. Majivu ya maganda hayo yana silikoni nyingi, na tunayachoma kila msimu moshi ukituingia machoni. Ningependa kuona yakipimwa ndani ya ngitili, kipande chenye majivu na kipande kisicho nayo, na wapimaji wawe wafugaji wenyewe. Ng'ombe wakikonda Oktoba ni wao wanaouza kwa bei ya kutupa, ada ya mtoto ikiwa haijalipwa.

Jina letu limeshakuwa malisho Brazil. Mnaonaje tukianza kufaidi na sisi tuliobaki nalo?