Moyo wa Mpelelezi: Al-Inkishafi ya Pate na Riwaya ya Polisi

Riwaya ya taharuki ya Kikristo humtwika polisi kesi mbili: ya mtuhumiwa, na ya nafsi yake mwenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili ile kesi ya pili ni kongwe, wala haikuanzia katika nathari wala katika Ukristo. Ilisikilizwa Pate, katika visiwa vya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi. Mtunzi anauhoji moyo wake kama hakimu amhojivyo mshtakiwa, na ushahidi anaouleta ni magofu ya Pate yenyewe, majumba ya matajiri yaliyogeuka makao ya popo. Mhoji na mhojiwa ni mtu mmoja. Hakuna pa kukimbilia.

Ajabu ni kwamba Wakristo waliithamini kazi hiyo mapema. Mmisionari W. E. Taylor aliifasiri; na mwaka 1939 toleo la William Hichens lilipigwa chapa London na Sheldon Press, tawi la jumuiya ya Kianglikana ya kueneza maarifa ya Kikristo. Tawi hilo ndilo lililochapa Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela mwaka 1934. Toba ya Mwislamu wa Pate na masimulizi ya Mkristo wa Freretown yalipitia mlango mmoja.

Riwaya ya upelelezi haikuupitia. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimfuata Sherlock Holmes: Bwana Msa ana kiko na akili, Inspekta Seif ana sheria. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, shaka ya Inspekta Wingo huelekea nje, kwa watu wengine. Kusema kwamba huku ni kuiga Wazungu tu hakutoshi. Lugha nayo ilichangia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiamu kikaachiwa mashairi. Pamoja nacho ukabaki huko msamiati wa kujihukumu uliokomazwa Pate na Lamu kwa vizazi. Kweli, Kezilahabi aliiingiza dhambi katika nathari kwa Rosa Mistika (1971), lakini anayebebeshwa mzigo ni msichana wa Ukerewe, si mtumishi wa dola mwenye bunduki.

Mwaka 1977 East African Literature Bureau, wachapishaji wa Mzimu na Simu ya Kifo, walitoa Al-Inkishafi iliyohaririwa na James de Vere Allen, aliyepata kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu. Moyo unaohojiwa na polisi anayehoji vilikuwa sasa katika orodha moja ya vitabu, na bado havikukutana.