Santuri: Muziki Uliokatwa Pande Mbili

Mwezi Machi 1928, kikundi kidogo cha wanamuziki kutoka Unguja kilikuwa mjini Bombay, India, mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone, ile ambayo nembo yake ni mbwa anayetega sikio kwenye pembe ya gramafoni. Katika kundi hilo alikuwamo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu mitaani kabla sauti yake haijamfikisha kwenye majumba ya wakubwa. Pamoja naye walikuwapo Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku Talsam.

Nyumbani walikotoka, wimbo wa taarab hauna haraka. Ala hutangulia, mwimbaji akaingia kwa wakati wake, ubeti ukarudiwa kadiri wasikilizaji wanavyonogewa na kutunza. Bombay hapakuwa na watunzaji wala usiku mrefu. Palikuwa na sahani ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulibeba dakika tatu na ushei. Zikiisha, zimeisha. Mwimbaji alilazimika kuchagua beti za kuimba na za kuacha, au kuukata wimbo katikati na kuumalizia upande wa pili.

Habari za santuri husimuliwa zaidi kama habari za chombo kilichohifadhi sauti. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Sahani hiyo iliupima muziki wetu, ikaukata na kuupa umbo jipya. Na ule ufinyu wake, ambao zamani ulionekana kasoro, ndio unaowafanya watu wa leo wairudie.

Sauti iliyovuka bahari

Wazo la kuandika sauti kwenye kitu lilikuwa tayari na nusu karne. Mmarekani Thomas Edison alitengeneza fonografu yake mwaka 1877, ikinasa sauti kwenye mche wa duara. Miaka kumi baadaye Emile Berliner, mhamiaji kutoka Ujerumani, akaja na sahani bapa. Faida ya sahani ilikuwa moja kubwa: ukishapata kiolezo kimoja cha chuma, unaweza kufyatua nakala kwa maelfu.

Sahani za wakati wa Siti hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu aitwaye laki, uliopatikana kwa wingi India, ukachanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, na zikianguka zinavunjika. Gramafoni yenyewe haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kwa kuzungusha mkono, na sindano yake ya chuma ilibidi ibadilishwe kila mara, kwa kuwa ilichakaa na kuikwaruza sahani.

Sahani za Siti na wenzake ziliporudi pwani, ziliuzwa kuliko ilivyotarajiwa. Kampuni nyingine, zikiwemo Odeon na Columbia, zikaja kutafuta sauti za Waswahili. Asiyeweza kununua gramafoni alikwenda kwenye mkahawa wenye nayo, akaagiza kahawa na kusikiliza. Kabla ya Siti, taarab ya Unguja iliimbwa zaidi kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi waliistahi bila kuielewa. Sasa Kiswahili kilitoka katika pembe ya gramafoni, kikisimulia kesi mahakamani, dhuluma na mapenzi. Wimbo wake “Kijiti”, uliohusu mauaji ya mwanamke mmoja na kesi iliyofuata, ulikwenda mbali kuliko ambavyo habari ile ingekwenda kwa miguu. Shaaban Robert, aliyemwandikia Siti wasifu, alijua anamwandika mtu ambaye maelfu walimfahamu kwa sauti bila kumwona uso.

Havana kwa meli

Mwaka 1933 HMV, lebo ya kampuni ile ile ya Gramophone yenye nembo ya mbwa, ilianza kutoa mfululizo wa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba na Amerika ya Kilatini, kwa ajili ya soko la Afrika. Kwenye mfululizo huo ulikuwamo “El Manicero” wa bendi ya Don Azpiazu, wimbo uliorekodiwa New York mwaka 1930. Sahani hizo ziliingia kwenye bandari za Afrika Magharibi, zikapanda Mto Kongo, zikafika pia Mombasa na Dar es Salaam.

Mpiga gitaa wa Morogoro hakuhitaji mwalimu wa Havana. Alihitaji sahani, gramafoni na subira ya kurudisha sindano pale pale hadi vidole vipate njia. Salum Abdallah alianzisha bendi yake Morogoro mwaka 1948 na kuiita La Paloma. Baadaye ikawa Cuban Marimba, jina linaloonyesha wazi alikokuwa akitegea sikio. Mwaka huo huo wa 1948, mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, lebo ya Ngoma ilimrekodi Wendo Kolosoy akiimba “Marie-Louise”. Muziki wa dansi wa Kongo na wa Tanganyika ulikua ukisikiliza sahani zile zile, ndiyo maana wapenzi wa pande zote mbili walielewana kabla hawajaonana.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, Katanga, kijana mmoja aitwaye Jean-Bosco Mwenda. Kijana huyo alipiga gitaa kavu kwa namna ambayo msikilizaji angedhani anasikia magitaa mawili, naye aliimba kwa Kiswahili cha Kongo. “Masanga” wake ulitolewa kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini na kufika Kenya, ambako wapiga magitaa waliusomea noti kwa noti. Baadaye Bosco mwenyewe alikwenda Nairobi na kukuta anafahamika.

Nairobi na ile ndogo ya 45

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu kwa sahani ndogo ya inchi 7, yenye tundu kubwa katikati, ya mizunguko 45. Mfuo wake ulikuwa mwembamba zaidi, haikuvunjika ovyo, na bei yake ilimwezesha kijana mwenye kibarua kuinunua siku ya mshahara.

Nairobi ndiyo iliyoigeuza 45 kuwa biashara ya Afrika Mashariki nzima. Kulikuwa na studio, kulikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani, na maduka ya muziki ya River Road na mitaa ya jirani yalikuwa pia ofisi za wazalishaji. Studio ya Equator ya Charles Worrod ilirekodi magwiji kama Fadhili William na Daudi Kabaka. “Helule Helule” wa Kabaka ulipaa hadi Uingereza, ambako bendi ya The Tremeloes iliurekodi upya na kuutoa mwaka 1968. Mombasa nako, duka la Assanand lilitoa taarab na dansi kwa lebo yake ya Mzuri.

Hapo ndipo mkato ule wa Bombay ulipogeuka kuwa sanaa. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 uliweza kwenda dakika nane au kumi, ilhali upande mmoja wa 45 kwa kawaida haukutosha kuubeba wote. Bendi zikaugawa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande mwingine. Wanamuziki walioutumia mgawanyo huo vizuri waliweka kisa upande wa kwanza, mwimbaji akieleza shida yake taratibu, kisha upande wa pili wakaachia chemko, magitaa yakijibizana na tarumbeta zikipokezana. Simba Wanyika, Les Wanyika na Orchestra Super Mazembe walirekodi nyimbo zao kwa mpango huo. Katikati, mtu aligeuza sahani, na wachezaji wakapata nafasi ya kufuta jasho.

Hadi leo, anayesikiliza nyimbo hizo kwa simu hukutana na mshono ule. Gitaa linafifia wimbo ukiwa bado mbichi, kimya kinapita, kisha gitaa lile lile linaibuka tena. Kijana asiyejua hudhani faili limeharibika.

Sahani hizo zilisafiri kusini pia. Phares Oluoch Kanindo, mzalishaji aliyekuja kuwa mwanasiasa, alirekodi benga ya Waluo kwa wingi, na sahani zake zikauzwa hadi Zimbabwe. Huko benga ikaitwa “kanindo”, kwa jina lake. Moja ya lebo zake ilikuwa Sungura, na hadi leo muziki wa magitaa unaopendwa sana Zimbabwe unaitwa sungura. Wanaoucheza Harare wanataja neno la Kiswahili lililofika kwao kwenye karatasi ya katikati ya sahani.

Upande wa Dar es Salaam

Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki kwenye kanda na kuzirusha hewani. Aliyetaka sahani ilibidi avuke hadi Nairobi, au kanda yake ivuke. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikawa nyembamba. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Ndiyo maana nyimbo nyingi za bendi za Dar es Salaam za kipindi hicho ziko vichwani mwa watu na kwenye kanda za redio, na hazikuwahi kutolewa kwenye sahani.

Mbaraka Mwinshehe, aliyetokea Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Nyimbo zake alizorekodi Kenya zilikusanywa na lebo ya Polydor kwenye mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa “Ukumbusho”. Kwa mashabiki wake wengi, hizo ndizo zilizombakiza nyumbani mwao.

Kisha ikaja kaseti. Ilikuwa nafuu, ilichezwa kwenye gari, na yeyote mwenye redio-kaseti mbili aliweza kuinakili bila kumlipa mtunzi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, mitambo ya kufyatua sahani Nairobi ilikuwa imenyamaza. CD ikafuata, halafu faili za kompyuta, halafu simu.

Kwa nini imerudi

Ajabu ni kwamba santuri haikufa. Nchini Marekani, mapato yake yaliyapita ya CD mwaka 2020, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu miaka ya 1980. Mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 huko dhidi ya CD milioni 33. Mahitaji hayo yalikuta viwanda vichache. Kiwanda cha Apollo Masters cha California kilipoungua Februari 2020, dunia ilibakiwa na mtengenezaji mmoja mkubwa wa sahani laini zinazochongwa sauti ya kwanza kabla ya kufyatuliwa nakala, naye yuko Japani.

Mashabiki wengi watakuambia kwamba santuri ina sauti bora. Kwa vipimo, hoja hiyo haisimami. CD hubeba tofauti kubwa zaidi kati ya sauti hafifu na sauti kubwa, haina mkwaruzo, wala haichakai kila inapopigwa. Tena kwenye santuri sauti hupungua ubora sindano ikikaribia katikati, kwa sababu duara linazidi kuwa dogo na mawimbi yanabanana. Besi nene nayo inakula nafasi, kwa hiyo fundi anayechonga hulazimika kuipunguza au kufupisha upande. Kile ambacho wengi hukiita joto la santuri, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya mipaka hiyo.

Mvuto umo humo humo kwenye mipaka. Mtu mwenye simu ana zaidi ya nyimbo milioni 100, na wimbo usiomkamata mara moja anauruka. Mwenye santuri amechagua moja, ameifuta vumbi, ameweka sindano, na sasa kuiruka kunamgharimu kuinuka. Kwa hiyo anakaa. Anasikia na wimbo wa tatu ambao hakuununulia sahani. Baada ya dakika ishirini hivi, chombo kinamtaka arudi. Siti alilazimishwa na sahani kuchagua beti. Leo sahani ile ile inamlazimisha msikilizaji kusikiliza zote.

Kwa muziki wetu kuna sababu nyingine, tena nzito zaidi. Nyimbo nyingi zilizotolewa kwenye sahani za 78 na 45 hazikuwahi kuhamishiwa kwenye kaseti, CD wala intaneti. Wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanalijua hilo, nao wamekuwa wakizitafuta sahani hizo Nairobi na Mombasa kwa miaka mingi. Lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa “Kenya Special” mwaka 2013, santuri zikiwemo, na muziki uliofyatuliwa Nairobi ukawa unarudi Nairobi kwa bei ya London. Wenyeji nao hawajalala: Melodica, duka la Mtaa wa Tom Mboya lililofunguliwa 1971, na vibanda vya santuri vya Soko la Kenyatta bado vina wateja, wakiwemo vijana waliozaliwa baada ya kiwanda kufungwa.

Kwa hiyo aliyerithi kasha la sahani za mzee asiliuze kwa kilo. Zisimamishwe wima, kwa kuwa zikilazwa moja juu ya nyingine zinapinda. Zisiwekwe juani. Zishikwe kwa ukingo, zifutwe kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko. Na hata kama hakuna gramafoni nyumbani, karatasi ya katikati isomwe na kunakiliwa: jina la bendi, mtunzi, lebo na namba ya sahani. Hayo mara nyingi hayamo kwenye faili linalozunguka simuni, na huenda ndiyo maandishi pekee yanayothibitisha kwamba wimbo huo una mwenyewe, anayestahili kutajwa na kulipwa.