Tabora na Swali la Kale: Nani Amchague Nani?



Katika safari yangu ya karibuni mjini Tabora nilitembea na wanafunzi kutoka stesheni ya reli kuelekea Boma la Wajerumani, chini ya miembe ambayo wenyeji huihusisha na misafara ya biashara ya karne ya 19. Nilikuwa nikiwaeleza habari za njia kuu ya Bagamoyo hadi Ujiji. Mmoja wao, mzaliwa wa kijijini, akanikatiza: “Mwalimu, kwetu mwenyekiti wa kijiji alipita bila kupingwa. Je, tulichagua, au tulitangaziwa?”

Sikumjibu papo hapo. Naandika makala haya ili nimjibu, na katika kumjibu nitaanzia palepale tulipokuwa tumesimama, kwa kuwa Tabora imeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko miji yetu mingi.

Kabla ya ukoloni, mtemi wa Unyanyembe alitoka katika ukoo wa utemi, lakini hakujitwalia kiti mwenyewe. Wazee wa baraza ndio waliomsimika. Utaratibu huo haukuwa demokrasia kwa maana ya leo. Hata hivyo, ulikuwa na kanuni moja ya msingi, kwamba anayesimikwa hutokana na jamii na kusimikwa na jamii. Kanuni hiyo ilivunjwa mapema. Mnywa Sere aliporithi utemi mwishoni mwa miaka ya 1850, alidai ushuru kwa wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wamefanya makao Kazeh na Kwihara. Wao wakaungana na wapinzani wake, wakamwondoa, na mahali pake wakamweka Mkasiwa. Kosa la Mnywa Sere halikuwa kukosa uhalali mbele ya Wanyamwezi. Kosa lake lilikuwa kutaka ushuru.

Baada ya wafanyabiashara ikaja dola. Mtemi Isike alipambana na Wajerumani na kufa ngomeni mwake Januari 1893. Waingereza nao, chini ya Gavana Donald Cameron, waliupa utemi sura ya kisheria kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926. Mtemi akawa mlipwa mshahara, akisimamia kodi na mahakama za wenyeji, na Gavana alikuwa na uwezo wa kumwondoa. Kwa mtazamaji wa mbali, utawala ulionekana wa jadi. Kwa aliyeufahamu vizuri, uwajibikaji ulikuwa umegeuka: mtemi alitazama juu kwa Bwana Shauri zaidi kuliko alivyotazama chini kwa watu wake.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilileta halmashauri za wilaya, lakini pamoja nazo ikaja falsafa ya mseto wa rangi, yaani Mwafrika, Mwasia na Mzungu waketi katika baraza moja, hata pale ambapo Wazungu na Waasia walikuwa wachache mno. Wananchi wa Geita hawakukubali. Mwaka 1958 walipinga halmashauri ya mseto waliyowekewa, wakaandamana hadi Mwanza, na huko wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baadaye serikali ililegeza msimamo wake kuhusu mabaraza ya namna hiyo. Napenda wanafunzi wangu wakumbuke jambo hili: mapambano ya uhuru hayakuwa ya Dar es Salaam na Umoja wa Mataifa peke yake. Yalikuwa pia ya wakulima wa pamba waliouliza nani aketi katika baraza la wilaya yao.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Hoja ilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni iliandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asipofanya hivyo, kura yake iliharibika. Isitoshe, ili aandikishwe alihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8, masharti hayo yaliwaacha nje karibu wananchi wote.

Wengi waliofika Tabora walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humo, alisimama upande wa kushiriki. Hakudai kwamba masharti yalikuwa mema. Hoja yake ilikuwa kwamba kususia kungeiachia viti United Tanganyika Party, chama kilichoungwa mkono na watawala. Mkutano ukakubali, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuanzisha African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Hapa ndipo simulizi zetu za kitaifa hukoma. Lakini katika viti hivyo 71, 58 havikuwa na mpinzani. Ushindi ulikuwa halali na mapenzi ya watu yalikuwa dhahiri. Hata hivyo, mazoea ya kupita bila kupingwa yalizaliwa katika saa yetu ya furaha kubwa.

Baada ya uhuru, mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikabaki na madiwani. Mwaka 1969 zilipoteza kodi ya kichwa, chanzo muhimu cha mapato yao. Mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa. Jina lilisema madaraka yamekwenda mikoani. Kilichokwenda mikoani ni watumishi wa serikali kuu. Miji ilirejeshewa halmashauri mwaka 1978, na wilaya mwaka 1984 kufuatia sheria za mwaka 1982. Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa ambalo asingelirudia.

Leo Katiba, katika ibara za 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kusema kusudi lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na mamlaka ya juu. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na sehemu kubwa ya bajeti za halmashauri hutoka Hazina. Katika uchaguzi wa vijiji na mitaa wa 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 upinzani ulishiriki, huku ukilalamikia tena kuenguliwa kwa wagombea wake, na matokeo yalikuwa ya kiwango hichohicho.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, sisemi haya kwa kumlaumu mtendaji wa kata anayetimiza maelekezo. Nasema kwamba fomu inayokataliwa kwa kosa la herufi inafanya kazi ileile iliyofanywa na sharti la pauni 150: inaamua matokeo kabla ya mpiga kura kuamka. Kwa wanaharakati, Tabora ya 1958 haitufundishi kwamba kushiriki ni busara siku zote. Walioshiriki walikuwa na tawi katika kila wilaya waliyoifikia, na walijua watafanya nini na viti watakavyovipata. Bila maandalizi hayo, kushiriki na kususia huzaa matokeo yaleyale.

Na kwako, mwanafunzi wangu: mlitangaziwa. Kuchagua kunahitaji uwezo wa kukataa, na kijijini kwenu hapakuwa na wa kumkataa. Lakini mkutano mkuu wa kijiji bado upo kisheria, na mwenyekiti wenu anawajibika kuuitisha na kusoma mapato na matumizi mbele yenu. Nenda, kaulize usitishwe lini.