Neema Iliyotangulia: Tunachojifunza kwa Wesley Tunapofungua Mitaa Mipya

Kwa miaka mingi Kigongo ilikuwa mahali pa kusubiri. Magari yalipanga foleni, watu wakanunua chakula, kisha kivuko kikawavusha hadi Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limefunguliwa, na msafiri anapita bila kusimama. Aliyetegemea foleni ile imembidi afikiri upya. Nasi, wachungaji na wazee wa kanisa, tunaulizana: mtaa mpya mahali kama hapa tuuanzeje? Wengi wetu hujibu haraka: tutafute kiwanja. Historia inatushauri tuanze kwingine.

John Wesley, kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, yuko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mtaa wa Aldersgate, London, alisikiliza ukisomwa utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi, akapata uhakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake. Mwaka 1739 alianza kuhubiri nje, karibu na Bristol, kwa wachimba makaa ya mawe ambao wengi wao hawakuzoea kuingia kanisani.

Wesley alifundisha kwamba neema hutangulia: Mungu huanza kazi ndani ya mtu kabla mtu huyo hajamtafuta. Sisi Walutheri hatukubaliani naye katika yote, hasa kuhusu ukamilifu wa Mkristo hapa duniani. Lakini hili linatufaa. Mhubiri hampeleki Mungu kijijini; anamkuta huko.

Ushahidi tunao ng'ambo ya ziwa hili. Kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Bukoba mwaka 1910, walikuwapo Wahaya walioipokea Injili kutoka Buganda, wakasoma na kuomba pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani hawakuwapo tena, na wainjilisti wenyeji, Andereya Kajerero miongoni mwao, wakaendelea kulea waumini. Katika miaka ya 1920 Wamethodisti kutoka Afrika Kusini walifanya kazi huko kwa muda mfupi, kisha wakaondoka, na Betheli wakarudi. Wageni walibadilishana, waumini wakabaki.

Jambo la pili ni malezi. Mwaka 1742 waumini wa Bristol walikuwa na deni la nyumba ya ibada. Wakakubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, na kila watu kumi na wawili wawe na mmoja wa kuikusanya. Aliyepita nyumbani kukusanya peni alikuta pia ugomvi, ulevi na huzuni. Hivyo mpango wa kulipa deni ukawa njia ya kuchunga roho.

Tukiri kosa letu. Tumewahi kujenga msingi na kuchangisha mabati kabla ya kuwajua watu, na leo nyasi zimeota juu ya msingi ule.

Basi Kigongo twende kwanza kupiga hodi. Tuulize ni nani tayari anaomba na watoto wake jioni. Tukusanye nyumba chache, tumweke mmoja wa kuzitembelea, ajue nani mgonjwa na nani amekosa kipato tangu foleni ya kivuko iishe. Jengo litafuata. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba apandaye na atiaye maji si kitu. Anayekuza ni Mungu.