Naibu Spika Aliyekataa Uthibitisho

Wiki jana msikilizaji mmoja alituletea swali. Alitaka kujua kwa nini wabunge hukatizana kila mara kwa hoja za nidhamu, na kama hoja hizo zina faida yoyote zaidi ya kupoteza wakati. Nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba katika nchi hii watu wawili waliwahi kukaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu kwa sababu ya jibu lililotolewa kwa ombi la namna hiyo. Basi leo niruhusuni niwarudishe nyuma hadi Oktoba 1975.

Wa kwanza ni Martin Shikuku, aliyeingia Bungeni mwaka 1963 kuwakilisha Butere. Huyu alikuwa mtu wa kanuni. Wengine walikuja Bungeni na hotuba, yeye alikuja na hotuba na Kanuni za Kudumu pia, na alizijua kama fundi anavyozijua patasi zake. Mawaziri hawakumpenda sana kwa ajili hiyo. Waziri asiyejibu swali aliloulizwa aliweza kutazamia kwamba Shikuku atasimama.

Wa pili ni Jean-Marie Seroney, Mbunge wa Tinderet, mwanasheria. Mapema mwaka 1975 wabunge walimkalisha katika kiti cha Naibu Spika, ingawa serikali haikufurahia jambo hilo. Mwaka 1969 alikuwa amekwisha kushtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya Azimio la Nandi Hills kuhusu mashamba. Kwa hiyo mtu aliyepewa rungu la kusimamia mijadala hakuwa mtu wa kutikisika ovyo.

Mwaka wenyewe ulikuwa mchungu. Mwezi Machi J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ilipojadiliwa mwezi Juni serikali ilishindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, walifutwa kazi kwa kupiga kura upande wa ripoti. Zishikeni hesabu hizo, nitazirudia.

Sasa tufike Oktoba. Shikuku, akiwa anazungumza Bungeni, alisema kwamba wapo watu wanaojaribu kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukaruka. Akatakiwa athibitishe kwamba KANU imeuawa. Dai hilo lenyewe lilikuwa halali kabisa. Kanuni za Bunge humfanya kila mbunge awajibike kwa ukweli wa mambo anayoyadai, na anayeshindwa kuthibitisha hutakiwa kuyafuta maneno yake na kuomba radhi.

Aliyekuwa kitini ni Seroney. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Kauli hiyo watu wengi huikariri kwa Kiingereza, na mimi mtu wa redio ya Kiswahili hilo hunichoma kidogo. Tangu Julai 1974 Mzee Kenyatta alikuwa ameamuru Bunge lijadiliane kwa Kiswahili, na Kiingereza hakikuruhusiwa tena katika mijadala mpaka mwaka 1979. Ugomvi huu mkubwa wa kanuni ulitokea katika kile kipindi kifupi ambapo lugha yetu ilikuwa ndiyo lugha ya mjadala.

Nilipokuwa nikisomea diploma ya uandishi wa habari, mwalimu wetu wa habari za Bunge alitupa uamuzi huo kama zoezi. Je, Naibu Spika alikosea? Darasa zima, nami nikiwamo, tulisema hakukosea hata chembe. Mwalimu akatuuliza: mnazungumza kama mashabiki, au mmesoma kanuni? Nilitoka darasani nimenuna. Miaka imepita na nimekaa sana katika jukwaa la waandishi nikiwasikiliza maspika wakiamua mambo, na leo nakiri kwamba mwalimu alikuwa na hoja.

Seroney angeweza kusema kwamba "kuua chama" ni maoni, na maoni hayathibitishwi. Mjadala ungeendelea. Au angemwachia Shikuku atoe ushahidi, na sidhani kwamba mtu wa Butere angekosa la kusema. KANU ilikuwa imefanya uchaguzi wa viongozi wake wa kitaifa Limuru mwaka 1966, na miaka 9 baadaye haikuwa imefanya mwingine. Lakini kusema kwamba jambo ni dhahiri ni kuwa shahidi, na mwenye kiti hapaswi kuwa shahidi. Hapo, kwa maoni yangu, Seroney aliteleza.

Tukubali basi kwamba aliteleza. Kanuni zilikuwa na dawa yake. Uamuzi wa mwenye kiti haupingwi kwa kelele. Anayeupinga huleta hoja kamili, wabunge wanaijadili, na mwishowe wanapiga kura. Serikali ilikuwa na haki ya kufanya hivyo kesho yake. Wote waliokuwa humo walikuwa wanachama wa KANU, kwa maana KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969, na Shikuku na Seroney nao walikuwa na kadi za chama hicho hicho walichosema kimekufa.

Lakini kumbukeni zile kura 62 kwa 59. Naona serikali iliyoshindwa mwezi Juni haikuwa na hamu ya kuhesabiwa tena mwezi Oktoba.

Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliwakamata Seroney na Shikuku katika majengo ya Bunge. Hawakufikishwa mbele ya jaji. Waliwekwa kizuizini chini ya sheria ya usalama wa umma, ambayo haikudai mashtaka wala ushahidi. Wale waliotaka Shikuku athibitishe maneno yake hawakutakiwa wao kuthibitisha chochote. Mzee Kenyatta naye alikumbusha wabunge kwamba mwewe yuko angani, tayari kushukia vifaranga.

Msikilizaji aliyeuliza swali la faida, hapo ndipo penye faida. Sheria ilikuwa inamlinda mbunge kwa maneno anayosema Bungeni, na ulinzi huo ulipitiwa kando kwa urahisi mno. Mbunge aliyekaa katika kile kiti baada ya siku ile alijua kwamba uamuzi juu ya neno moja tu waweza kumtoa kitini na kumpeleka kizuizini. Mwaka 1977 George Anyona wa Kitutu Mashariki naye aliwekwa kizuizini.

Mwezi Oktoba 1978, Mzee akiwa amefariki Agosti, KANU ilifanya uchaguzi wa viongozi wa kitaifa, wa kwanza tangu Limuru, miaka 12 ikiwa imepita. Watu wawili waliosema chama kimekufa walikuwa bado kizuizini. Rais Moi aliwaachilia tarehe 12 Desemba mwaka huo pamoja na mahabusu wengine wa kisiasa.

Uchaguzi wa mwaka 1979 ulipofika, watu wa Butere walimrudisha Shikuku Bungeni, naye akaendelea kuinuka na kanuni zake. Alifariki mwaka 2012. Seroney aligombea Tinderet na kushindwa. Alifariki Desemba 1982, na kile kiti hakukikalia tena.