Wakfu wa Ramani za Doom

Tarehe 10 Desemba 1993 kampuni ndogo ya id Software, iliyokuwa na ofisi Mesquite katika jimbo la Texas, ilitoa gemu ya Doom bila kupitia duka lolote. Faili lake lilipakiwa kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Parkside, na wachezaji waliokuwa wakilisubiri walikuwa wengi hadi seva ikaelemewa. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya bure. Aliyeionja akanogewa alituma fedha na kupewa zilizobaki. Haukupita mwaka kabla wachezaji hawajaanza kuchora ramani zao wenyewe na kugawiana. Hapo likazuka swali ambalo waliounda gemu hawakuwa wamelijibu: kazi hizi za watu wasiojuana, wasiolipwa, waliotawanyika mabara kadhaa, zikae wapi, na zitunzwe na nani? Jibu lililopatikana ni hifadhi iitwayo idgames, ambayo ingali hai na ina maelfu ya mafaili, mengi yakiwa ya miaka ya tisini. Seva zilizoibeba zimekufa moja baada ya nyingine na kampuni zilizoifadhili zimetoweka. Kilichoiokoa, kwa maoni yangu, ni desturi tatu ambazo kwa haraka mtu angezidharau kama kazi ya karani: kila kazi kuja na maelezo yake ya maandishi, mtunzaji kutokuwa mmiliki, na nakala kukaa mikononi mwa wengi.

Msingi wa desturi hizo uliwekwa ndani ya gemu yenyewe. Katika Wolfenstein 3D ya mwaka 1992, aliyetaka kubadilisha picha au ramani alilazimika kuandika juu ya mafaili ya asili. Akikosea, gemu imeharibika. Akitaka kumpa mwenzake alichokitengeneza, anampa na mali ya kampuni humo humo. John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa id, alitaka Doom itenganishe mtambo na data. Ramani, picha na sauti zote zikawekwa ndani ya faili la aina ya WAD. Ukilichungulia faili kama hilo baiti kwa baiti, herufi nne za mwanzo ni IWAD au PWAD, kisha zinafuata namba mbili: idadi ya vipande vilivyomo, na mahali orodha yake inapoanzia. IWAD ni la kampuni. PWAD ni la mchezaji, kiraka kinachobandikwa juu. Doom ikiwashwa husoma la kampuni kwanza, halafu la mchezaji, na panapotokea majina yanayofanana, la mchezaji ndilo linaloshika nafasi. Ramani yako ukiiita E1M1, hiyo ndiyo itakayofunguka badala ya E1M1 ya kampuni, na faili la asili halijaguswa hata baiti moja. Kwa hiyo mtu aliweza kugawa kazi yake tu, bila kugawa ya mwingine. Kampuni nayo ilijilinda: aliyejaribu kubandika PWAD kwenye toleo la bure, programu ilimkatalia na kumwambia akalipie kwanza. Mapema mwaka 1994 Brendon Wyber wa New Zealand alitoa programu ya kuchorea ramani, DEU, ambayo baadaye iliendelezwa na Raphaël Quinet wa Ubelgiji, na kuanzia hapo mafaili yakamiminika.

Kwa miaka mingi ya muongo huo hifadhi ilikaa kwenye seva ya Walnut Creek CDROM, kampuni ya California iliyoishi kwa kuuza CD zilizojaa programu za bure. Mpangilio wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Folda ya ramani iligawanywa kwanza kwa gemu, Doom upande mmoja na Doom II upande mwingine, kisha kwa herufi ya mwanzo ya jina la faili: a hadi c, d hadi f, na kuendelea, pamoja na folda ya majina yanayoanza kwa namba. Jina halikuzidi herufi nane, kwa kuwa DOS haikuruhusu zaidi. Lakini thamani ya hifadhi hii imo kwenye kile kifaili cha maandishi kinachofuatana na kila ramani. Mchoraji alipewa fomu ya kujaza: jina la kazi, jina lake, maelezo mafupi, watu anaowashukuru, kama ameanza na ukurasa mtupu au amejenga juu ya ramani ya mwingine, muda alioutumia, programu alizochorea, kasoro anazozijua. Mwishoni kulikuwa na kifungu cha ruhusa: je, mwingine anaweza kuichukua ramani hii akajengea yake juu yake, na je, anaweza kuisambaza kwingine, kwa masharti gani? Mtu wa leo anayefungua faili la mwaka 1995 anajua aliyelitengeneza alikuwa nani, alitumia zana gani, na alitaka kazi yake itendewe vipi. Mwanahistoria wa fani nyingine yoyote ya mtandaoni ya wakati huo angefurahi kupata nusu ya hayo.

Kifungu cha ruhusa hakikuwa mapambo. Katikati ya miaka ya tisini maduka ya Marekani yaliuza CD za ramani zilizokusanywa mtandaoni kwa mamia, D!Zone ya WizardWorks ikiwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi, na wachoraji hawakupata senti. Hata id yenyewe, ilipotoa Master Levels for Doom II mwishoni mwa 1995, ilijaza kwenye diski hiyo lundo la ramani za mtandaoni. Sheria haikuwasaidia sana wachoraji. Kesi iliyofafanua jambo hili ilihusu gemu nyingine, Duke Nukem 3D: kampuni ya Micro Star ilikusanya ramani 300 za wachezaji na kuziuza kwenye CD iitwayo Nuke It, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ikaamua kwamba ramani hizo zinasimulia hadithi mpya za shujaa yule yule, hivyo Micro Star imevunja hakimiliki ya mchapishaji, FormGen. Ushindi ukawa wa mchapishaji. Wachoraji wa zile ramani 300 hawakuwa hata upande mmoja wa kesi. Mahali sheria ilipowaacha, desturi ya hifadhi iliwapa sauti: masharti yao yaliandikwa kwa maneno yao na kusafiri pamoja na faili popote liendako.

Msomaji wa pwani ataona hapa kitu anachokijua, nacho ni wakfu. Shamba au nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na msimamizi wake hana haki ya kuifanya yake. Wajibu wake ni kuitunza ili manufaa yaendelee. Mtunzaji wa idgames alikuwa na mamlaka ya namna hiyo. Alipokea, alikagua, alipanga, na zaidi ya hapo hakuwa na lake. Tofauti ipo, na ni muhimu: anayeweka wakfu huiachia mali yake moja kwa moja, ilhali mchora ramani alibaki na jina lake na masharti yake. Uzito wa mpaka kati ya mtunzaji na mmiliki ulionekana kundi la TeamTNT lilipokaribia kutoa bure mfululizo wake wa ramani, Evilution, mwaka 1995. Id iliununua wakati tayari unasubiriwa, na mwaka 1996 ukatoka madukani kama sehemu ya Final Doom. Wachezaji wengi walikasirika. Siwalaumu TeamTNT kwa kuuza, kwa sababu kazi ilikuwa yao na bado haikuwa imeingia hifadhini. Ingekuwa imeingia, hakuna mtunzaji ambaye angekuwa na uwezo wa kuiuza.

Kuna watakaosema kwamba yote haya yalimtegemea mtu mmoja. Kwa miaka mingi kazi ya kupokea mafaili ilifanywa na Ty Halderman, mwanzilishi wa TeamTNT, bila malipo, naye alifariki tarehe 31 Julai 2015. Hifadhi inayoshikiliwa na mtu mmoja wa kujitolea iko hatarini siku zote, na pingamizi hili halipaswi kupuuzwa. Hata hivyo tuangalie kilichotokea. Walnut Creek ilipotoweka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafaili yalikuwa tayari yamenakiliwa kwenye seva nyingine, Ulaya na Marekani, na makao yalipohama watumiaji waliendelea kupakua. Halderman alipofariki, wengine waliishika kazi. Waliweza kwa sababu maarifa ya hifadhi hayakuwa kichwani mwake. Yalikuwa kwenye fomu, kwenye folda na kwenye kanuni za kupokea ambazo kila mtu angeweza kuzisoma. Ulinganishe mwenendo huo na FilePlanet, mojawapo ya maghala makubwa ya mafaili ya gemu, iliyokuwa mali ya kampuni. Ilipositishwa mwaka 2012, watu wa kujitolea wa Archive Team walilazimika kukimbizana na muda kuokoa walichoweza. FilePlanet ilikuwa na fedha, wafanyakazi na mitambo. Ilikosa mtu wa nje mwenye nakala.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Nexus Mods, ghala la modi, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji, lililokua kutoka tovuti ya wapenzi wa gemu ya Morrowind iliyoanzishwa mwaka 2001 na Robin Scott wa Uingereza. Ukubwa wake unaifanya idgames ionekane kijumba, na ni mali ya kampuni. Je, si ushahidi kwamba fedha na utafutaji rahisi vinatosha? Kwa upande wa kuvuta watu, vinatosha, na mchezaji wa gemu ya Skyrim anayetaka modi hamsini usiku mmoja hawezi kutumwa kwenye folda za a hadi c. Lakini tatizo lililoitikisa Nexus mwaka 2021 ni lile lile ambalo fomu ya Doom ililikabili. Modi za leo hutegemeana: moja hubeba mifupa ya miondoko, ya pili hutegemea ya kwanza, na mwandishi mmoja akifuta kazi yake, za wengine kadhaa huanguka. Nexus ikaamua kwamba mafaili hayatafutwa tena, bali yatawekwa pembeni, na ikawapa waandishi mwezi mmoja hivi wa kuondoa yao kabla kanuni haijaanza. Wengi walihama kwa hasira. Naona walikuwa na haki ya kukasirika, kwani masharti yalibadilika wakati kazi zao ziko ndani tayari. Kanuni yenyewe lakini ni sahihi, na ingekubalika kwa urahisi kama ingeandikwa mlangoni tangu siku ya kwanza. Soko la gemu la Steam lilikuwa limeshaonyesha upande wa pili mwaka 2015, lilipoanza kuuza modi za Skyrim tarehe 23 Aprili na kuwagawia waandishi asilimia 25. Modi ya uvuvi iliyotegemea miondoko ya mtu mwingine ikawa miongoni mwa za kwanza kuondolewa, na tarehe 27 mpango mzima ukafutwa. Bila kumbukumbu ya nani amejenga juu ya nani, hata malipo hayajui pa kwenda.

Swali hili haliko mbali na kwetu. Vijana wa Tanzania na Kenya wanachora mabasi ya njia za hapa kwa ajili ya Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, na kazi hiyo ina ustadi: rangi za kampuni, maandishi ya ubavuni, taa, mpangilio wa madirisha. Mafaili husambaa kwa viungo kwenye makundi ya WhatsApp na chini ya video za YouTube. Kiungo kikifa, basi limepotea. Likinakiliwa, jina la mchoraji hubaki nyuma. Hakuna haja ya kusubiri seva kubwa wala mfadhili ili kuanza. Kifaili cha maandishi ndani ya kila kifurushi kingetosha, chenye mistari michache: nani alichora rangi, umbo la basi limetoka kwa nani, linakubali toleo gani la gemu, lilikamilika lini, na kama mwingine anaruhusiwa kulibadilisha.