Faili limeshuka ila halifunguki? Cheki ukubwa kwanza

Wadau, juzi mdogo wangu kanipigia simu kachanganyikiwa. Fomu ya chuo kaishusha mara tatu, haifunguki, na mwisho wa kuituma ni saa sita usiku ule ule. Nikamuuliza ina ukubwa gani. KB 4! Fomu ya kurasa sita, tena yenye picha?

Nikamwambia aifungue kwa Notepad. PDF ya kweli huanza na %PDF, zip huanza na PK. Yake ilianza na <!DOCTYPE html>, yaani ni ukurasa wa wavuti uliobandikwa jina la fomu. Kumbe alitumia programu ya kushushia mafaili, ambayo haikuwa na kuki za brauza yake. Seva haikuitambua, ikaielekeza kwa 302 hadi ukurasa wa nywila, nao ukajibu 200, yaani "sawa". Programu ikaamini, ikahifadhi.

Bora angepata 403, angalau angejua kakataliwa! Na ukiona 500 au 503 usianze kufomati kompyuta, tatizo liko kwao.

Dogo kaingia upya, kashusha kwa brauza yenyewe: KB 812, ikafunguka. Kaituma saa tano na nusu.